Kabla Hujakubali Kupigiwa Windows

Magomeni, Dar es Salaam
18 Januari 2026

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeupata na nimeusikiliza kwa makini. Nakujibu kwa barua badala ya simu kwa sababu haya utayahitaji mezani, ukiwa umeinama juu ya mashine na bisibisi mkononi.

Nimekuelewa hivi. Kompyuta ya stesheneri yako inawaka, nembo ya kiwanda inatokea, vidoti vya Windows vinaanza kuzunguka, halafu vinasimama palepale na mashine haisikii la mtu. Ukiizima kwa kushikilia swichi na kuiwasha upya, siku nyingine inapita, siku nyingine inakugomea mpaka wateja wanakata tamaa. Saa yake inarudi nyuma miaka mingi kila umeme ukikatika. Na fundi wa hapo mtaani amesema dawa ni moja tu, kupiga Windows upya, na yuko tayari kuja na flashi yake.

Mwambie asubiri. Simjui na sina sababu ya kumsema vibaya, lakini tabia ya kupiga Windows kabla ya kujua kinachoumwa imewapotezea watu wengi vitu visivyorudi. Kama diski inakufa, Windows mpya itawekwa juu ya diski hiyohiyo inayokufa. Kama ramu ina kasoro, kila faili la Windows mpya litapita kwenye ramu hiyohiyo na jingine litaandikwa likiwa limeharibika. Utalipa, mashine itatulia wiki chache, kisha itaganda tena, na safari hiyo kazi za wateja zilizokuwa ndani hazipo.

Kwa hiyo anza na swali hili: inaganda wapi?

Kompyuta haiwaki kwa mkupuo. Ni mbio za kupokezana vijiti, na kila mkimbiaji ana kipande chake. Pawa saplai inachukua umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Volti zikishatulia, inaupa ubao mkuu ishara kwamba kazi ianze. Prosesa inaamka na kwenda kusoma baiosi, yaani ile programu ndogo iliyokaa ndani ya chipu kwenye ubao wenyewe, mbali kabisa na diski. Baiosi, au UEFI ambayo ndiyo mrithi wake kwenye mashine za miaka ya karibuni, inakagua ramu, kibodi, picha na diski. Wakati huo wewe unaona nembo ya kiwanda. Ikimaliza, inatafuta diski yenye mfumo na kuikabidhi kazi programu inayopakia Windows. Hiyo nayo inaingiza kiini cha Windows kwenye ramu pamoja na draiva za vifaa, na hapo ndipo vidoti vinapozunguka. Mwisho inakuja sehemu ya nywila, na nyuma yake programu zote zinazojianzisha zenyewe.

Mashine inayoganda kwenye nembo, kabla ya vidoti, kwa kawaida haijafika kwa Windows, hivyo anayekuambia upige Windows anatibu mtu asiyeumwa. Inayoganda baada ya nywila mara nyingi ina mzigo wa programu, au ina diski iliyochoka. Yako inaganda katikati, kwenye vidoti, na hapo watuhumiwa ni wengi kidogo: diski, waya wa diski, ramu, draiva, faili za Windows zenyewe, au umeme usiotosha. Kazi yetu ni kuwapunguza mmoja mmoja, na ukibadilisha kitu, badilisha kimoja tu kwa wakati. Anayebadilisha vitatu kwa pamoja huona mashine imepona asijue kilichoiponya, na ikirudia ugonjwa anaanza upya.

Itakapoganda tena, usikimbilie swichi. Fanya mambo mawili. Bonyeza kitufe cha Caps Lock na utazame taa yake kwenye kibodi. Ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, kiini cha Windows bado kiko hai na kuna kitu kinakisubirisha. Isiposikia kabisa, huenda mfumo mzima umesimama, na hapo mashaka yangu yanaelekea kwenye ramu, umeme au draiva mbovu. Kisha tazama taa ndogo ya diski iliyo mbele ya kasha la kompyuta. Ikiwa imewaka mfululizo bila kupepesa, kuna kitu kinaombwa kwenye diski na diski haijibu. Sogeza sikio pia. Diski ya kuzunguka ikigonga tak, tak, tak kwa mpangilio uleule, au motari yake ikipanda na kushuka, hiyo ni diski inayoomba kuzikwa.

Ukiona taa ya diski inafanya kazi, ipe muda, hata nusu saa. Diski inapokutana na sehemu mbovu haikati tamaa upesi, inarudia kusoma palepale mara nyingi, na kwa macho ya mtu mashine imekufa kumbe inahangaika. Tena umeme ukiwa umekatika ghafla jana yake, Windows yenyewe huweza kuwa inakagua orodha ya mafaili yake. Ukiizima katikati ya kazi hiyo unaiongezea jeraha. Ikifika mwisho baada ya dakika nyingi, andika dakika hizo. Zinanielekeza kwenye diski.

Kuna jambo kwenye maelezo yako lililonikaa kichwani. Umesema ukiizima kwa nguvu na kuiwasha upya, wakati mwingine inapita. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukibofya kuzima, kompyuta haizimi kila kitu. Inaandika hali ya kiini chake ndani ya faili moja kubwa kwenye diski, na asubuhi inarudisha faili hilo kwenye ramu badala ya kuanza mwanzo, ili iwake haraka. Faili hilo likiwa na kasoro, au draiva fulani isipopenda kuamshwa kwa njia hiyo, mashine inaganda asubuhi. Ukiizima kwa kushikilia swichi, safari inayofuata inaanza mwanzo kabisa, na inapita. Hilo linafanana na kesi yako, na kulipima ni bure. Kila jioni, shikilia kitufe cha Shift wakati unabofya kuzima. Ukifanya hivyo inazima kikweli. Ukiona wiki nzima imepita bila kuganda, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika powercfg /h off, na uwashaji huo wa haraka hautakusumbua tena.

Hata hivyo usiishie hapo. Siku nyingine inagoma mpaka mchana hata ukirudia, na hilo uwashaji wa haraka peke yake haulielezi.

Sasa tuje kwenye vitu vya kushika. Chomoa kila kilichoungwa nyuma na mbele ya kasha: printa, skana, modemu, flashi ya mteja iliyosahaulika, diski ya nje. Bakiza monita, kibodi na mausi. Kifaa kibovu cha USB kinaweza kuizuia mashine isiendelee, na flashi iliyoachwa inaweza kuifanya baiosi itafute mfumo mahali usipokuwepo. Nakumbuka dukani kwako printa mbili ziko kwenye mashine moja, na wateja wanaacha flashi zao hapo. Ikiwaka vizuri asubuhi kadhaa ikiwa imevuliwa hivyo, rudisha kimoja, subiri siku moja, rudisha kingine.

Isipobadilika, ifungue. Zima, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde kama kumi ili umeme uliobaki ndani utoke. Gusa bati la kasha kabla ya kugusa chochote kingine, kwa sababu mwili wako unaweza kubeba umeme tuli unaoua chipu bila wewe kuhisi kitu. Ndani utaona boksi la chuma lenye feni, ndilo pawa saplai. Hilo usilifungue, wewe wala mtu yeyote aliye dukani kwako. Umeme wa volti 230 ukishageuzwa humo ndani unafikia volti zipatazo 325, na kapasita huweza kushikilia volti hizo hata baada ya waya kuchomolewa. Kama nyuma yake kuna swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230, hakikisha iko 230 na usiiguse tena. Baadhi ya mitumba inayotoka Marekani inakuja ikiwa upande wa 115, na ikichomekwa hapa kwetu inalipuka papo hapo.

Kisha fikiria mahali ulipo. Uko Pangani, mita chache kutoka baharini, na mlango wa duka uko wazi kutwa nzima. Chumvi ya upepo huo inakula kila chuma, na ndani ya kompyuta inaanza na miguu ya ramu. Vumbi likijaa juu yake na unyevu wa usiku ukaingia, unapata mguso unaokataa asubuhi na kukubali jua likipanda. Hii ndiyo sababu ninalishuku duka lako kabla ya kuishuku Windows. Chomoa ramu kwa kusukuma vishikizo vya pembeni, sugua miguu yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio safi cha penseli, pangusa kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilicholowa spiriti kidogo, iache ikauke, irudishe mpaka usikie vishikizo vimelia. Kama zipo mbili, jaribu kuwasha na moja, kisha na nyingine, kwenye nafasi ileile. Ramu moja mbovu kati ya mbili ni jambo la kawaida kabisa, na dawa yake ni kuitoa tu.

Vumbi litoe kwa brashi laini ya rangi, ukishika feni kwa kidole isizunguke. Hakikisha feni ya prosesa inazunguka mashine ikiwaka. Chomoa waya wa data wa diski, ule mwembamba bapa, uuchomeke kwenye nafasi nyingine ya ubao, au tumia mwingine mzima. Waya huo ni wa bei ndogo kuliko vyote humo ndani na unashukiwa mara chache kuliko unavyostahili. Kama kuna kisomeo cha CD, kichomoe waya zake zote mbili na ukiache hivyo. Hukitumii, na kikiwa kibovu kinaweza kukwamisha ukaguzi wa mwanzo. Tazama na kapasita, vile vimtungi vidogo vilivyosimama kwenye ubao. Vichwa vyake viwe bapa. Kimojawapo kikiwa kimetuna au kimevuja utomvu wa kahawia, piga picha unitumie, kwa sababu kapasita zilizochoka nazo hufanya kazi vizuri zaidi zikishapata joto, na hilo nalo lingeeleza ubishi wa asubuhi.

Betri sasa. Ile saa inayorudi nyuma inatokana na betri ya mviringo kwenye ubao, CR2032 ya volti 3, ileile inayouzwa na mafundi saa. Imekwisha, ibadilishe. Ndiyo pia sababu tovuti zinakukatalia na kukuambia si salama: kompyuta inayodhani tuko miaka mingi nyuma inaviona vyeti vya usalama vya tovuti kama havijaanza kutumika. Lakini kabla ya kuitoa, ingia kwenye baiosi, aghalabu kwa F2, F10 au Delete mara tu inapowaka, na upige picha kila ukurasa kwa simu yako, hasa ule unaoonyesha diski inaendeshwa kwa AHCI au RAID, na ule unaosema kama inawaka kwa UEFI au kwa njia ya zamani. Betri ikitoka, baiosi inaweza kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na Windows iliyowekwa kwa AHCI kwa kawaida haiamki ikikuta RAID. Wapo waliopigiwa Windows kwa sababu hiyo tu, wakati ilihitajika kubadilisha neno moja kwenye baiosi. Kama kisa chako kingekuwa hicho, mashine ingegoma kila siku bila kukosa, kwa hiyo siioni betri kama mwenye kesi. Ibadilishe tu.

Kabla hatujagusa Windows, tuokoe kazi za watu, na hapa naomba unisikilize kuliko popote. Ndani ya diski hiyo kuna wasifu wa watafuta kazi, nakala za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, maombi ya mikopo ya wanafunzi, barua za kesi za watu. Si vyako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakuhusu na wewe mwenye stesheneri ya chumba kimoja, lakini hata isingekuwepo, mtu aliyekuachia cheti cha mwanawe amekuamini. Diski hiyo isitoke dukani mikononi mwa mtu usiyemjua, na isifutwe kabla nakala haijakaa mahali pengine.

Fanya hivi. Tafuta flashi ya gigabaiti 8 au zaidi isiyo na kitu. Kwenye kompyuta ya mtu unayemwamini, pakua Linux Mint au Ubuntu, zote ni za bure, na utumie programu ndogo inayoitwa Rufus kuiandika kwenye flashi. Ichomeke kwenye mashine yako, washa, bonyeza F12 mfululizo mpaka orodha ya mahali pa kuanzia itokee. Kwenye mashine nyingine ni F9, F11 au Esc. Chagua flashi. Linux itawaka kutoka kwenye flashi bila kuandika chochote kwenye diski, ila ukiulizwa kuiweka, kataa. Hakikisha umechagua kujaribu tu.

Hicho ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinajibu mengi kwa pamoja. Ikiwaka na kukaa saa kadhaa, unafungua mafaili na kuandika barua bila kuganda, basi pawa saplai, ubao, prosesa na ramu kwa sehemu kubwa wamesafishwa jina, na tumebaki na diski au Windows. Ikiganda na Linux nayo, Windows haina hatia na mtu asikuguse mfuko kwa ajili yake.

Ukiwa ndani ya Linux, fungua diski ya Windows na unakili mafaili ya wateja kwenye diski ya nje. Inaweza kukuambia diski inasomeka tu, haiandikiki, kwa sababu Windows haikuzimwa kikamilifu. Usihangaike, kusoma ndiko tunakotaka. Anza na folda muhimu zaidi, halafu zilizobaki, kwa sababu diski inayokufa inaweza kukuachia nusu ya kazi. Na kabla ya nakala kukamilika, mtu asiendeshe chkdsk yenye alama ya /r kwenye diski hiyo. Amri hiyo inaisoma diski nzima kutoka mwanzo hadi mwisho na kurekebisha orodha ya mafaili kwa namna inavyoona, na kwa diski iliyochoka hiyo ni safari inayoweza kuimalizia.

Nakala ikishakaa salama, fungua programu ya Linux inayosimamia diski na utazame ripoti ya afya, inayoitwa SMART. Diski nyingi hujiandikia historia yake zenyewe. Mimi nataka namba nne tu. Ya 5 inahesabu sehemu mbovu ambazo diski imeshazihamisha. Ya 197 inahesabu sehemu zinazosubiri hukumu, zilizoshindwa kusomeka. Ya 198 ni zile zilizoshindikana kabisa ilipojikagua. Thamani ghafi za 5, 197 na 198 zikiwa sifuri, diski ina nafasi nzuri ya kuwa nzima, ingawa diski huweza kufa na ripoti safi. Ya 197 ikiwa juu ya sifuri na mashine inaganda, sitahitaji ushahidi mwingine. Ya 199 ni tofauti: inahesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na ubao, na ikipanda siku hadi siku ninalaumu waya kabla ya diski.

Diski ikionekana mbovu, usiitengeneze. Nitakununulia SSD ya gigabaiti 240 hapa Kariakoo. Haina kitu kinachozunguka ndani, na tofauti ya kasi utaiona siku ya kwanza. Hapo, mwanangu, kupiga Windows ndipo kunapokuwa na mahali pake, juu ya diski mpya, kazi za watu zikiwa zimehifadhiwa. Diski ya zamani ukishamaliza nayo usiitupe jalalani wala kuiuza kwa wanunua vyuma chakavu ikiwa nzima. Ifungue uharibu zile sahani za ndani.

Diski ikiwa safi, ijaribu ramu kwa Memtest86+, nayo ni ya bure na inawaka kutoka kwenye flashi. Iache usiku kucha. Kosa moja tu likionekana, ramu hiyo au nafasi yake ina kasoro, na hakuna kiwango kinachovumilika cha makosa ya ramu.

Vyote vikiwa safi ndipo tunakwenda kwa Windows yenyewe. Ukiikatisha kuwaka mara mbili au tatu mfululizo, safari inayofuata itafungua ukurasa wa ukarabati. Pita kwenye sehemu ya matatizo, kisha chaguo za ziada, kisha mipangilio ya uwashaji, iwashe upya, ubonyeze 4. Hiyo inaiwasha Windows ikiwa na draiva za lazima tu. Ikipita hapo bila kuganda na kwa njia ya kawaida inaganda, kuna draiva au programu inayoikwaza. Ondoa kwanza kilichoongezwa karibu na wakati tatizo lilipoanza. Mara nyingi ni antivirusi mbili zilizowekwa pamoja, au draiva ya printa iliyotoka kwenye CD ya zamani. Endesha pia sfc /scannow, inayolinganisha faili za Windows na nakala zake na kurekebisha zilizoharibika.

Na umeme wenyewe tusiusahau. Diski ya kuzunguka na feni zinapoanza kwa pamoja zinavuta mkondo mkubwa, na pawa saplai iliyozeeka inayumba sekunde hizohizo. Kuna kijana wa redio hapo sokoni mwenye mita, mwombe apime kwenye plagi ya diski mashine ikiwa inawaka, yeye apime, wewe usiingize mkono. Waya wa njano na mweusi zisome kati ya volti 11.4 na 12.6. Mwekundu na mweusi, kati ya 4.75 na 5.25. Nje ya hapo, badilisha pawa saplai nzima. Tena weka fedha pembeni ya kununua UPS ndogo kabla ya kununua mashine ya kudurufu unayoitamani. Kila umeme unapokatika diski ikiwa inaandika, unajiwekea akiba ya matatizo, na Pangani umeme unakatika.

Jambo moja kuhusu kesho. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa orodha yao Windows 11 inataka prosesa za Intel za kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na sehemu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Kutokana na picha ulizonitumia mwaka jana, mashine yako ni ya kabla ya hapo. Anayekuahidi kukuwekea Windows 11 juu yake kwa njia za panya anakuwekea kitu ambacho Microsoft hawakuahidi kukihudumia. Ukiona Linux Mint inakubaliana na printa zako wakati unaijaribu kwenye flashi, lifikirie. Kuchapa, kusoma faili za PDF na kujaza fomu za mtandaoni inafanya vizuri, na kwa mashine ya umri huo mimi ningeichagua.

Usikubali mtu akunyang'anye bisibisi kwa kuwa wewe ni msichana na yeye amezoea. Mashine ni yako, kazi za ndani umekabidhiwa wewe. Mwite fundi, umweleze inaganda wapi, taa ya diski ilifanyaje, Caps Lock ilijibu au haikujibu. Fundi mzuri atafurahi na atafanya kazi nusu ya muda. Asiyetaka kusikia hayo, mshukuru kwa kuja kwake na umwache aende.

Nasubiri majibu haya: dakika ilizochukua siku ilipofika mwisho, taa mbili nilizokuambia, Linux ilikaa muda gani, na namba za 5, 197, 198 na 199. Nikiyapata kabla ya Ijumaa, SSD nitaituma na basi la Jumamosi kwa jina lako, ukaichukue Tanga mjini. Mashine nzima usinitumie, barabara itaigonga na diski haipendi kugongwa. Wasalimie kaka na wifi, na mwambie mdogo wako yale maswali ya fizikia aliyoniuliza nitayajibu kwenye barua yake mwenyewe.

Shangazi yako akupendaye